Chuma cha Shokapu na Kiti cha Mama Mkwe

Kilosa Mjini,
10 Februari 2025

Kwa Masunga Budeba,
Gereji, Mikumi.

Masunga,

Bwana Yesu asifiwe. Leo nimekuona ukinikimbia.

Usikatae. Nimefundisha shule ya msingi mpaka mvi zikanijaa kichwani, naujua mgongo wa mtu anayekimbia. Nilisimamisha gari mbele ya gereji yako, nikazima injini, nikafungua mlango. Kabla sijateremsha mguu wa pili, mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee, alitupa spana chini akapotelea nyuma ya lori la mbao. Mafundi wenzako walicheka. Madereva wa malori walicheka. Yule mama ntilie wa jirani yako, Mwanne, ndiye aliyenipa kigoda na chai, akaniambia, "Mwalimu, huyo hatoki huko mpaka uondoke." Nikamuuliza kwa nini. Akainama kuchochea kuni.

Nimepigwa na butwaa, na mpaka naandika barua hii butwaa halijanitoka. Huu ni mwaka wa pili tangu umuoe Scholastica. Siku ya harusi uliinamisha kichwa mpaka keki ikaisha, nikasema kijana ana haya. Krismasi hukuja, nikasema ana kazi nyingi. Nikikupigia simu unampa Mwanne aongee kwa niaba yako, nikasema labda mtandao. Leo nimekuja mwenyewe na umetimka mbio. Nimekukosea nini?

Tuliache hilo, tuseme la gari, maana ndilo lililonileta. Unajua Scholastica yuko Lumuma anamuuguza mama yangu, Bibi Katarina, tangu alipoteguka nyonga. Usilolijua ni hili: wiki iliyopita muuguzi wa kule amempima akasema mtoto hajageuka tumboni, na ni lazima azalie hospitali, huku Kilosa, penye daktari wa kupasua. Masika yakianza ile barabara ya Lumuma inakatika. Kwenye pikipiki hawezi kupanda na tumbo lile, na malori ya mazao hayana siku maalumu. Kwa hiyo nitamfuata mwenyewe kwa kigari changu. Lakini kigari chenyewe pua inayumba, usukani unatetemeka, na mbele kunalia kila nikiingia shimoni.

Abeli, mtoto wa dada yangu, amenitumia chuma kutoka Morogoro. Kipo kwenye buti ya gari nililoliacha hapo kwako, nimekizungushia gazeti. Anasema kinalala juu ya injini, kinashika kichwa cha shokapu ya kulia na kichwa cha shokapu ya kushoto, ili bodi isijikunje kwenye mashimo. Kifunge, ukirekebishe inavyotakiwa. Ukimaliza, liendeshe ulisikilize. Na ninakuagiza jambo moja: mtu mwingine yeyote asikalie kiti cha usukani cha gari langu. Siwaamini vijana wa gereji. Wewe ni mwanangu, utaliendesha wewe peke yako.

Nitakuja kulichukua Ijumaa.

Mama yako,
Mwalimu Ida Melkizedek


Mikumi,
12 Februari 2025

Kwa mama mkwe wangu mheshimiwa,

Shikamoo mama. Shikamoo tena, maana ile ya Jumatatu sikuitoa.

Barua yako nimeletewa na konda wa basi. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Nimeshtuka sana, mama. Nilijua ipo siku utafika Mikumi, ila nilitegemea Scholastica atakuwepo, ataniambia mapema, nami nitakuwa nimejiandaa. Kuona mlango wa gari unafunguka na mguu wa mama mkwe unatoka, mimi mwenyewe sikuamua kukimbia, nilijikuta tu niko nyuma ya lori. Hujanikosea kitu. Sisi kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani hivi hivi, uso kwa uso. Ni heshima, mama, wala si dharau. Mengine sijui niyaandikeje kwako.

Habari za mtoto kutogeuka zimenikata maini. Nilikuwa napaka rangi chumba cha mtoto, nimeacha brashi kwenye kopo mpaka imekauka.

Nieleze kazi. Gari nililiinua mbele kwa jeki nikaliweka juu ya stendi, magurudumu yananing'inia, kwa kuwa nilitaka kukagua na bushi, zile pete za mpira za miguu ya mbele. Mbili zilikuwa zimekufa, ndizo zilizokuwa zinalia, nimeweka mpya. Kisha nikafungua nati za juu za shokapu nikaweka vikalio vya kile chuma, yale mabapa ya ncha zake yenye matundu. Upande wa kulia kimekaa bila maneno. Wa kushoto kikagoma, matundu hayakukutana na bolti. Sasa, chuma hicho katikati kina sehemu ya kuzungusha: ukizungusha huku kinarefuka, ukizungusha huku kinafupika. Nikazungusha taratibu mpaka matundu yakakubali, nikakaza nati zote, nikashusha gari. Nimelibonyeza boneti kwa mikono, pua imetulia, haichezi tena.

Gari liko tayari. Ijumaa funguo utazikuta kwa Mwanne.

Mama, kama utampata Scholastica mwambie chumba kimebaki ukuta mmoja tu.

Mkwe wako mtiifu,
Masunga Budeba


Zombo,
14 Februari 2025

Masunga,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjika kwenye kifundo. Usijali mwandiko.

Nilitoka Mikumi salama. Viatu vyako niliviona chini ya lori, nikavisalimia, havikuitika. Kwenye lami gari lilitulia kabisa, nikasema huyu kijana ana haya zake lakini ufundi anao. Lami ilipoisha, kitu kikaanza kugonga mbele kushoto. Ko. Ko. Ko. Usukani ukawa unanivuta kushoto. Nikaushika kwa nguvu, nikapunguza mwendo, nikajipa moyo kwamba ni kokoto tu.

Hapa Zombo ng'ombe wakakatiza. Nikakwepa. Nikarudisha usukani, gari lisirudi. Nikakanyaga breki, likateleza, likaenda kushoto na mimi ndani yake, likachomeka pua kwenye mfereji wa mpunga.

Wanawake waliokuwa wanapalilia ndio walionitoa. Kupitia dirishani, Masunga. Mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, nimetolewa dirishani nikiwa nimevaa kiatu kimoja. Nimepewa kikombe cha maji, kimenidondoka.

Mmoja wao amefungua boneti. Nati mbili za shokapu ya kushoto hazipo. Ya tatu mtu anaizungusha kwa vidole.

Kuna jambo baya limeniingia akilini na sitaki kulitaja, kwamba labda mkwe wangu anayenikimbia anataka nife. Niondolee. Nina swali moja na nataka jibu la neno moja. Uliliendesha, au hukuliendesha?

Ida


Mikumi,
15 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Pole sana.

Sikuliendesha.

Umetaka neno moja, nimelitoa. Sasa naomba uniruhusu mengine, kwa sababu nilipofika pale palipoandikwa mkono nilikaa chini kwenye oili na sikujua nimekaa.

Kwetu mkwe hakalii mahali anapokaa mama mkwe. Kiti chake, kigoda chake, hata mkeka. Baba yangu alitoka Maswa na ng'ombe wake kuja kutafuta malisho huku, vingi aliviacha kule, hili hakuliacha. Nikiwa mdogo nilimwona amesimama juani kutwa nzima nyumbani kwa bibi mzaa mama, kwa sababu kiti kilichokuwepo uani ni kile alichozoea kukalia bibi, na bibi alikuwa shamba. Nilijifunza hivyo kabla sijajifunza kusoma. Nilipofungua mlango wa gari lako nikaona kitenge chako umekitandika kwenye kiti cha dereva. Nikaufunga mlango. Hata kukitaja hapa kwenye karatasi naona aibu.

Ningempa Bonifas, fundi mwenzangu, aliendeshe. Lakini uliandika mtu mwingine yeyote asikikalie. Amri ya mama mkwe ningeivunja kwa mdomo gani? Huku siwezi, huku sitakiwi. Nikafanya ujinga. Nilishusha kioo, nikaingiza mkono nikashika usukani nikiwa nje, nikalisukuma gari kuzunguka gereji, madereva wananipigia makofi. Nikatega sikio. Halikugonga. Nikajiambia inatosha.

Haikutosha, na nilijua haitoshi. Chuma kile hakikazwi moja kwa moja gari likiwa linaning'inia. Likishuka likabeba uzito wake, vichwa vya shokapu vinasogea. Inatakiwa ukilegeze, uliendeshe kidogo kwenye mashimo gari likae, ndipo urekebishe urefu wake na kukaza, kisha uliendeshe tena na kukagua. Mimi nilikiacha kirefu kuliko nafasi. Kila shimo ulilopita kilikuwa kinasukuma shokapu ya kushoto, na nati zinajifungua zenyewe. Kulisukuma kwenye sakafu ya gereji kusingenionyesha hilo hata ningelisukuma mpaka Pasaka.

Sikutaka ufe, mama. Mungu ni shahidi. Nilitaka usinione nikiwa nimekosa adabu.

Utauliza kama jambo hili halina mwisho. Lina mwisho. Kwenye ukoo wetu linaisha mtoto wa kwanza akizaliwa na mama mkwe mwenyewe akamwita mkwe wake kwa jina la mtoto. Tangu hapo anaweza hata kula naye sahani moja. Nilikuwa naihesabu siku hiyo kimoyomoyo.

Nakuja Zombo na Bonifas kulitoa gari mferejini. Naomba tu, ukiondoka hapo, mtu anipigie aniambie umeshaondoka.

Masunga


Kilosa Mjini,
17 Februari 2025

Masunga,

Nimefungwa hogo, ile plasta ngumu, mpaka kwenye kiwiko. Naendelea na mkono wa kushoto, naona unaanza kupata adabu.

Barua yako nimeisoma nikacheka peke yangu mpaka jirani akaja kuchungulia. Halafu nikalia. Halafu zikanipanda hasira ambazo hazijashuka. Kumbe nimetumbukizwa mferejini na kitenge changu mwenyewe! Mwaka mzima na zaidi nimekaa na uchungu kwamba mkwe hanipendi, na binti yangu ananiambia, "Mama, muache tu, ndivyo alivyo." Ndivyo alivyo vipi? Kwa nini hakuna aliyenieleza? Sisi watu wa milimani nasi tuna wakwe, na tunawaheshimu, lakini tunakaa nao meza moja tukala ugali. Heshima gani hii inayovunja watu mikono?

Na bado sijakusamehe, nakuambia wazi. Fundi aliyejua na akanyamaza ni mbaya kuliko asiyejua. Ungeandika mstari mmoja: mama, siwezi kukalia kiti chako, mruhusu Bonifas. Mstari mmoja tu. Ningekuwa Lumuma saa hizi.

Sasa sikiliza. Mimi siwezi kushika usukani. Nimeulizia gari mjini, la kwanza bovu, la pili dereva wake akisikia Lumuma anacheka. Mawingu yamekaa juu ya milima ya kule tangu jana na hayasogei. Bonifas ananiambia kwenye simu kwamba bodi haikuumia sana, gari linatengenezeka, ila yeye ana lori la watu ambalo hawezi kuliacha. Umebaki wewe.

Mimi Ida Melkizedek, kwa maandishi yangu na sahihi yangu, nakupa ruhusa. Kalia kitenge, kalia kiti, ukitaka kalia hata kichwa changu, lakini nenda Lumuma ukamlete mke wako. Usipoenda, Scholastica siku atakayoshuka, kwa njia yoyote ile, atashukia kwangu. Yeye na mtoto hawatarudi Mikumi. Sitamwacha mwanangu kwa mwanamume ambaye mkewe yuko hatarini naye anaogopa kiti.

Ida Melkizedek


Kilosa Mjini,
19 Februari 2025

Scholastica mwanangu,

Barua hii nampa kijana wa pikipiki anayepanda kuchukua vitunguu, nimemwambia asisimame popote. Simu yako naipiga inasema haipatikani, nadhani hujapata nguvu ya kupanda kile kilima chenu chenye mtandao.

Nimeamka, nimefungua mlango nifagie baraza, nikapiga ukelele mpaka majirani wakatoka. Kwenye baraza kuna kiti. Kiti cha gari, mwanangu. Kiti changu cha dereva, na bolti zake zimefungwa kwenye kitambaa, na kitenge changu kimekunjwa vizuri juu yake. Kimefunikwa gunia safi kisipate umande. Hakuna mtu, hakuna salamu, hakuna karatasi. Nimezunguka nyumba nzima nikiita, "Masunga! Masunga!"

Nilimpa mumeo ruhusa ya kukaa. Nilimwandikia kwa mkono huu mmoja. Na hili ndilo jibu lake, amenirudishia kiti. Maana yake amekataa. Gari amelivunja vipande, na sasa ananirudishia kimoja kimoja. Nimekaa kwenye ngazi nimekitazama kiti hicho mpaka chai imepoa, sijui nikasirike au nimuombee.

Mimi ndiye niliyesema yule kijana anafaa. Shangazi zako walipouliza utaishi vipi na watu wenye mila zisizofanana na zetu, niliwanyamazisha. Leo ni mimi ninayewakwepa wao.

Usisubiri gari langu. Mtu yeyote anayeshuka na lori, hata la mkaa, mwombe nafasi ya mbele, mwambie mama yako atamshukuru mwenyewe. Kama tumbo limeanza kuuma usijikaze, mwambie bibi. Usinifiche kama ulivyonificha haya mengine.

Mama yako


Lumuma,
20 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Tulia, kaa chini, usome pole pole.

Barua yako imenikuta mume wangu ameshafika. Nilisikia honi nikajua ni wewe, nikatoka mbio, kama tumbo hili linaniruhusu kukimbia. Mlango ukafunguka, akashuka Masunga. Mama, pumba mpaka masikioni! Kwenye nyusi pumba, kwenye shati pumba. Nikachungulia ndani ya gari nikashika mdomo. Pale penye kiti hapana kiti. Pana gunia la pumba za mahindi, limefungwa kamba kwenye matundu ya bolti, na nyuma yake ameegemeza tairi la akiba. Kutoka Zombo mpaka huku, mama, milima yote hii, juu ya gunia.

Nikamwambia, we Masunga umepata wazimu? Akajibu huku anajipukuta, "Kiti cha mama nimempelekea mama. Gunia nimelinunua mwenyewe. Sasa hapo nimemkosea nani?" Anasema ruhusa yako aliisoma akalia, lakini ruhusa si mtoto, na mtoto bado hajazaliwa. Alipita kwako jana alfajiri, akakiweka kiti kwenye baraza, akaogopa kubisha kwa sababu ungefungua mlango wewe.

Bibi Katarina amecheka mpaka nyonga imemuuma upya. Amesema ameshuhudia wakwe wengi katika maisha yake lakini wa gunia ni wa kwanza.

Kile chuma amekitengeneza inavyotakiwa. Amenionyesha kwa fahari wakati mimi nataka maji ya kunywa tu. Alikifungua chote, akakirekebisha gari likiwa limesimama chini kwa magurudumu yake, akaliendesha kwenye mashimo ya Zombo, akakaza, akaliendesha tena, akakaza tena. Njiani alikuwa akisimama kila baada ya mlima anafungua boneti na kugusa nati. Ndiyo maana amechelewa. Haligongi wala haliyumbi. Hata watoto wa hapa wameshajua nati zinagusiwa wapi.

Mama, najua umekasirika kwa nilivyokuficha. Niliona haya. Nilidhani utasema nimeolewa na mshamba, na yeye nilimwambia wewe una kazi nyingi za kanisa ndiyo maana hufiki Mikumi. Nilifikiri nawalinda wote wawili.

La mwisho, usishtuke. Tangu asubuhi mgongo unanivuta kwa chini, unaacha, unarudi. Masunga hajui, yuko chini ya gari. Manyunyu yameanza. Tunaondoka sasa hivi, bibi anabaki na jirani. Bibi amesema akizaliwa wa kike ni Katarina, na hataki mjadala. Barua hii nampa huyu huyu kijana wa pikipiki, atatutangulia. Tukutane hospitali. Niombee.

Scholastica


Uwanja wa hospitali, Kilosa,
26 Februari 2025

Masunga,

Barua hii haiendi mbali. Muuguzi ataivusha uwanja aje akupe, hapo ulipojificha nyuma ya tangi la maji. Viatu vyako naviona. Safari hii vina matope.

Nilikuwa dirishani siku ile mlipoingia. Mvua inamwagika, gari linakuja taratibu kabisa, na dereva simwoni. Nikadhani gari linajiendesha. Kumbe gunia lilikuwa limeshalowa likabonyea, imebaki nusu ya kichwa chako juu ya usukani. Ukashuka, ukambeba mke wako mikononi mpaka mlangoni, ukaniona, ukamkabidhi kwa muuguzi, ukakimbia. Daktari alipotoka chumba cha upasuaji aliniambia maneno ambayo sitayaandika, kuhusu nini kingetokea kama mngelala njiani. Nimekuwa na hasira na wewe kwa wiki nzima. Daktari alipoyasema, hasira ziliisha pale pale, na sijui zilienda wapi.

Nimeshasikia mengi ya kunishtua mwezi huu, lakini hili la leo limezidi. Wauguzi wananiambia tangu mke wako alazwe umelala nje, kwenye gari, mvua na mbu, wala hukuingia wodini mchana kwa kuwa mchana ninakuwepo mimi. Mtoto wako umemwona mara mbili, mimi nikiwa nimetoka kwenda kula. Umekuwa ukingoja nishibe ndipo umwone mwanao! Tangu nisikie hivyo natembea na aibu.

Basi nikueleze hali ilivyo, uangalie gari unapoisoma. Nilimwita Bonifas kutoka Mikumi aje na spana. Uliporudi gerejini kwa basi leo alfajiri kuchukua nguo, alikifunga kiti mahali pake. Nilimsimamia hapo hapo. Nilimwambia akaze, atikise, akaze tena, na nikamkataza kukikalia. Hakijakaliwa na mtu. Mimi nimekaa upande wa abiria na hapa ndipo nitakapokaa siku zote, maana daktari anasema kifundo hiki hakitashika usukani kama zamani, na kusema kweli sina hamu. Kiti cha dereva si changu tena. Scholastica yuko nyuma, ameinamisha kichwa anajifanya amelala, lakini anacheka.

Kitenge usikitafute kwenye kiti. Nimemvika mtoto. Yuko hapa mapajani kwangu, amekunja ngumi, na pua ni ya kwenu.

Ulisema jambo hili lina mwisho, na ulisema mwisho wake ni nini. Nimefundisha watoto wa watu kuandika kwa herufi kubwa wanapotaka jambo lisisahaulike. Kwa mkono wa kushoto, basi:

BABA KATARINA.

Njoo utupeleke nyumbani.

Ida


(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Mama, shikamoo.

Nakuja. Naomba tu utazame dirisha la upande wako mpaka niwe nimeshakaa.

Baba Katarina